Kaa la Moto la Naetwe

Mficha moto humlaza jirani na baridi. Mwinjilisti amewatupia neno hilo leo, mkanuna, na sasa mnaniuliza limetoka wapi. Haya, chanzo chake ni hiki, na likiwauma, liwaume.

Huko milimani Upare, enzi ambazo kiberiti kilikuwa anasa, moto ukizimika kwako ulichukua kigae ukaenda kuomba kaa kwa jirani. Moto hakunyimwa mtu. Hata waliogombana walipeana kwanza, wakanuniana baadaye.

Naetwe na Nakijwa walipeana moto hivyo tangu walipoolewa. Naetwe alikuwa amebatizwa, na Nakijwa alijua hilo tu, basi. Kila Naetwe alipotaka kumweleza imani yake, ulimi ulikauka. Atanicheka, aliwaza. Atasema najifanya mtakatifu, nami nitabaki bila rafiki. Hata msalaba wake aliuficha ndani ya kaniki. Hebu fikirini! Mtu kumwonea haya aliyemfia!

Kisha binti pekee wa Nakijwa akafa kwa homa. Naetwe alichota maji, akawapikia waombolezaji uji. Baada ya maziko Nakijwa alimshika mkono.

“Mwenzangu, mwanangu yuko wapi sasa?”

Jibu lilikuwa mdomoni. Naetwe akawatazama wazee wa ukoo waliokaa karibu, akalimeza.

“Nani ajuaye?” akasema.

Tangu siku hiyo Nakijwa alikuwa hali, hasemi. Asubuhi moja moto wake ulizimika, akaenda na kigae chake. Mlangoni akamsikia Naetwe akiomba: “Bwana, mpokee mtoto yule. Najua kaburi halitamfunga milele.”

Kigae kilimponyoka, kikavunjika.

“Naetwe! Kumbe unajua!”

“Niliogopa utanicheka, mwenzangu.”

“Nikucheke? Nimemfukia mwanangu, kicheko ningekitoa wapi?” Nakijwa akafoka. “Mimi nalala na baridi kifuani, wewe hapo jirani unaota moto peke yako! Kaa la jikoni hujaninyima hata tulipogombana, hili ukaninyima? Kukubali au kukataa ni kazi yangu. Nani alikutuma unikatalie?”

Wazee wa ukoo waliokuwa wakienda shambani walisimama kusikiliza ugomvi. Safari hii Naetwe hakuwajali. Aliutoa msalaba nje ya kaniki, akasema yote aliyoyaamini, kwa kigugumizi, bila ufundi wowote. Mzee mmoja alicheka kwa sauti. Naetwe akaendelea.

Nakijwa alisikiliza mpaka mwisho.

“Sijui kama naamini,” akasema. “Ila kesho nitarudi uniambie tena. Na usinifungie mlango.”

Akaokota kipande kikubwa cha kigae chake, akakinga kaa la moto, akaenda kuwasha jiko lake.

Nanyi hapo mnabishana habari za mpira hadi sauti zinakauka, lakini rafiki akiwauliza habari za Kristo mnatazama viatu vyenu. Mnamwogopa nani? Mficha moto humlaza jirani na baridi.