Chungu cha Walii Mbaruku na Mtoto Asiye na Somo

Paukwa!
Pakawa!
Chungu!
Cha mwenye kukiita.
Mtoto!
Wa mwenye kumwitikia.

Haya, sogeeni. Mwenye miguu mirefu aikunje, na mwenye kiu akanywe maji sasa hivi, maana nikishaanza sisimami.

Basi paliondokea mji mmoja ukiitwa Pembeni. Watu wake walilima mpunga na kusuka mikeka, wakipendana na kusengenyana kama watu wa miji yote. Na kila mtu pale alikuwa na somo yake. Somo mnamjua: yule mliyeitwa naye jina moja, uliyepewa jina lake ulipozaliwa. Lakini somo wa Pembeni hakuwa wa kukununulia nguo ya sikukuu tu. Mtoto akitimiza siku saba, somo yake alimpakata mlangoni mbele ya watu akasema, "Huyu ni mimi." Tangu siku hiyo, likija jambo zito likimwita mtoto, somo ndiye anayeitika kwanza.

Hivyo watu walikuwa na majina. Vitu havikuwa nayo. Chungu kilikuwa chungu tu, kinu kilikuwa kinu tu, taa ilikuwa taa tu. Nani angejisumbua kukipa kinu jina?

Siku moja likaja zimwi. Lilikuwa na tumbo kubwa hata likitembea tumbo linafika kwanza, lenyewe linafuata. Na zimwi hilo lilikuwa na sheria yake. Msicheke, hata mazimwi yana sheria. Halikuweza kula kitu chenye somo, kwa sababu jina likiitikiwa na mwenyewe hulikwama zimwi kooni, haliendi mbele wala nyuma. Kisicho na somo, hicho ni chake.

Basi jua likizama, zimwi lilisimama mlangoni mwa watu likaimba:

Hiki cha nani? Somo yake nani?
Kama yupo, aitike.
Kama hayupo, nakila.

Nani aitikie kitanda? Likala kitanda. Nani aitikie jembe? Likala jembe. Nani aitikie mlango? Likala mlango, na bawaba zake. Ulipokwisha mwezi mzima, watu wa Pembeni walikuwa wanalala chini na kupikia katika vifuu vya nazi, na zimwi limeanza kuulizia watoto wachanga waliotimiza siku saba bila kupewa jina.

Wakati huohuo ndipo Mize alipojifungua.

Mize alikuwa msuka mikeka, mwanamke wa vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Mumewe alikuwa mbali, katika mashamba ya mpunga akiamia ndege wasile mazao, na habari za kule zilichukua siku nyingi kufika. Mtoto alikuwa wa kike, wa kwanza, aliyepatikana baada ya miaka tisa ya kuombwa. Mize alimtazama mpaka macho yakamuuma. Akahesabu siku: saba zikitimia bila somo, zimwi litamla mwanawe.

Wanawake walikuja kumtazama mzazi, kama desturi. Kila aliyeingia, Mize alimwomba awe somo wa mtoto.

Bi Rehani alisema magoti yake mabovu, hawezi kusimama mlangoni. Bi Msellem alisema yeye tayari ni somo wa watoto kumi na mmoja, wa kumi na mbili atamchanganya. Binti Haji alisema jina lake ni zito, mtoto hatalimudu, ataugua homa kila mwezi. Wote walimbusu mtoto, wote walisifu pua yake, na wote walitoka upesi kuliko walivyoingia. Walikuwa wanaogopa. Siwalaumu sana, nami ni mwoga, lakini uoga wa mwenzio si mtamu unapokuwa wewe ndiye mwenye shida.

Siku ya tano, jua lilipozama, tumbo likaonekana mlangoni kwa Mize, kisha zimwi lenyewe. Ndani kulikuwa na chungu kimoja tu kilichosalia mji mzima, na ndani ya chungu kulikuwa na uji wa pilipili manga wa mzazi. Zimwi likaimba:

Hiki cha nani? Somo yake nani?
Kama yupo, aitike.
Kama hayupo, nakila.

Mize alikuwa na njaa, na alikuwa na hasira za siku nzima. Akatupa macho dirishani. Ng'ambo ya njia palikuwa na kaburi la Walii Mbaruku, mtu mwema aliyekufa zamani za babu, ambaye enzi za uhai wake hakuna mgeni aliyelala njaa kwake. Mize akasema jina la kwanza lililomjia mdomoni.

"Chungu hiki kinaitwa Mbaruku. Somo yake ni walii."

Zimwi likacheka, tumbo likatikisika. Likageuka kaburini likaita, "Mbaruku."

Na kaburi likaitika, "Naam."

Mize alishtuka kuliko zimwi. Sauti ilikuwa ya mzee aliyeamshwa usingizini, naye hana kinyongo na aliyemwamsha. Ikasema, "Miaka yote watu wananiletea ubani na kuniomba mvua na waume. Leo mtu ameniomba jina la chungu. Nimefurahi. Chungu kile ni mimi."

Zimwi likameza mate matupu, likaondoka.

Asubuhi mji mzima ulikuwa umesikia, na hapo ndipo ingewapasa muwaone watu wa Pembeni. Kila mwenye kitu alichokuwa amekificha alikitoa akakitafutia jina. Kinu kikaitwa Kilimia, kwa sababu nyota za Kilimia ndizo zinazowaambia watu walime, na kilicholimwa huishia kinuni. Taa ikaitwa Zuhura, kwa nyota inayowahi jioni kabla ya wenzake. Mkeka ukaitwa Mwana Shamsa, kwa walii wa kike aliyekuwa akimtandikia kila msafiri mkeka wake mwenyewe, yeye akalala mchangani. Watu wawili waligombea jina hilo mpaka wakavutana kanzu. Mzee mmoja alitaka bakora yake iitwe kwa malaika, wakamwambia asivuke mpaka.

Siku ya sita zimwi likazunguka mji. Lilisimama kwenye kinu likaimba, na nyota za Kilimia zikaitika zote pamoja. Lilisimama kwenye mkeka likaimba, na kaburi la Mwana Shamsa likaitika. Lilisimama kwenye taa likaimba, na Zuhura kule juu ikasema, "Labeka," kwa adabu kabisa. Mwisho likafika kwa Mize na njaa yake.

Likamwambia, "Vitu vyenu vimenishinda. Kesho mwanao anatimiza siku saba. Nitakuja kwa ajili yake."

Mize hakuogopa. Alijiona amekwisha shinda. Zimwi lilipoondoka akatoa kichwa dirishani, akaitazama Zuhura, akasema, "Ewe nyota, umeitika kwa ajili ya taa. Kesho itika kwa ajili ya mwanangu. Nitamwita Zuhura."

Nyota ikasema, "Taa haililii kubebwa, Mize. Mwanao akilia, mimi nitambeba kwa mikono ipi?"

Mize akageukia kaburini, akamwomba Walii Mbaruku. Walii akajibu polepole, "Mwanangu, chungu hakikosi adabu kikahitaji kukanywa. Mtoto atakosa. Mimi nimelala huku, nitamkanya vipi? Nikiitika kwa ajili yake nitakuwa mwongo, na zimwi litaujua uongo huo."

Akamwomba Mwana Shamsa na Kilimia. Jibu likawa lilelile. Sisi ni wa vitu. Somo wa mtoto lazima akanyage ardhi.

Basi Mize akarudi ndani, akakaa karibu na mtoto, akalia. Alilia kwa sababu alijua kitu ambacho sikuwaambieni mpaka sasa, kwa kuwa hata yeye hakutaka kukifikiri. Wanawake wote wa mtaa walikuwa wamekuja kumtazama isipokuwa mmoja.

Huyo aliitwa Bi Mkasi, na nyumba yake ilikuwa inagusana ukuta na ya Mize. Walikuwa hawasemezani mwaka wa tatu sasa. Kisa chenyewe ni wali. Bi Mkasi alikuwa amepika wali wa arobaini ya mama yake, na Mize akatafuna mchanga, akautema mbele ya wanawake wote akasema, "Huyu Mkasi anatulisha ufukwe." Watu walicheka. Na mchanga ulikuwamo kweli, lakini si kila la kweli ni la kusemwa matangani. Bi Mkasi aliondoa sahani yake, akaingia ndani, na tangu siku hiyo wakipishana kila mmoja anatazama upande wake.

Siku ya saba ikafika. Asubuhi ikapita. Adhuhuri ikapita. Alasiri Mize akasimama, akajitanda leso, akambeba mwanawe, akatoka nje. Mnajua mzazi hatoki kabla ya arobaini zake. Waliomwona walishika vinywa. Yeye akapita, hatua zikiwa chache na kila hatua nzito, akasimama mlangoni kwa jirani yake.

"Hodi."

"Nani?"

"Mize. Nimekuja kukuomba radhi, Dada Mkasi. Na baada ya radhi nina ombi, lakini hata ukinikatalia ombi, radhi naiomba."

Bi Mkasi akatoka. Alikuwa amevaa leso yake ya kutokea, ile ya harusi na sikukuu, na wanja machoni. Mize akadhani amemkuta anataka kwenda mahali.

"Unasafiri, dada?"

"Naenda wapi? Siku saba hizi kila jioni navaa leso hii nakaa hapa, nangoja uniite." Sauti yake ilikuwa ya ukali. "Mwenye kinyongo haingii kwa mzazi, atamdhuru mtoto. Ningekujaje kabla hatujatoa yaliyomo mioyoni? Nilikuwa nasikia kilio chake ukutani. Nilikijua cha njaa na cha usingizi."

Mize akamkumbatia mwanawe, akaitazama ile leso ya harusi.

"Na ule wali," Bi Mkasi akasema, "mchele wake nilikuwa nauchagua huku nalia. Mama yangu alikuwa amekufa. Sikuona mchanga."

Hapo Mize akapiga magoti pale mlangoni, na mtoto mikononi, akalia kwa kite. Akasema nisamehe. Akasema nisamehe tena. Aliposema mara ya tatu Bi Mkasi akamwinua, akamwambia mzazi hakai chini kwenye baridi, na akampokonya mtoto kama mtu anayechukua kilicho chake.

Jua likazama. Tumbo likaja njiani, zimwi nyuma yake. Siku hiyo lilikuwa na njaa ya siku mbili, na mji mzima ulichungulia kwenye nyufa. Likasimama mbele ya wanawake wawili, likaimba:

Huyu wa nani? Somo yake nani?
Kama yupo, aitike.
Kama hayupo, namla.

"Anaitwa Mkasi," Mize akasema.

Zimwi likaangalia juu kutafuta nyota. Likaangalia kaburini. Kisha likaita, "Mkasi."

"Labeka," akasema Bi Mkasi. "Nipo hapa chini, usihangaike kutafuta mbinguni. Huyu ni mimi."

"Akiugua?"

"Nitakesha."

"Akikosa?"

"Nitamchapa, kisha nitampa uji."

"Mama yake akikuudhi tena?"

Bi Mkasi akamtazama Mize, Mize akatazama chini.

"Ataniudhi," Bi Mkasi akasema. "Ulimi wake naujua. Tutagombana ukutani, na mtoto nitaendelea kumwitikia."

Zimwi likafungua kinywa, jina likaingia, likakwama. Likakohoa, likakohoa, likakohoa. Likageuka, na kwa mara ya kwanza tumbo likaenda nyuma yake badala ya mbele. Likashika njia ya msituni, likawa linakula vichuguu, maana mchwa hawapeani majina. Pembeni halikurudi.

Mume wa Mize aliporudi na mpunga wake alimkuta binti ana jina, na ukuta kati ya nyumba mbili umetobolewa mlango mdogo. Akauliza ni nani aliyetoboa. Wanawake wakamwambia ni Mkasi. Akauliza yupi, mkubwa au mdogo, wakamwambia ni yuleyule mmoja.

Na hata leo ukienda Pembeni utasikia mtu akisema, "Niletee Mbaruku nipike," au, "Zuhura imekwisha mafuta." Usiwacheke. Vitu vyao vina wenyewe huko juu na huko chini.

Hadithi yangu imeishia hapo, na aliyeisikia awe somo yake, aiitikie ikiitwa. Nayo inatufunza hivi: vitu unaweza kuviazimia jina kwa mawalii na nyota, lakini mtoto hulelewa na walio hai. Basi kama umemkosea jirani, nenda leo kapige hodi. Huenda amevaa, anakungoja.