Nyuzi Tatu za Kanga

Hadithi iko mlangoni!

"Ikaribie, ikae."

Hamjaitikia vizuri. Na wewe wa huko nyuma, unatafuna nini? Tena: hadithi iko mlangoni!

"Ikaribie, ikae."

Haya, sasa imekaa.

Zamani, zamani sana, ndege walipokuwa bado wanajua kusuka mikeka, aliishi Kanga katika bonde lenye majani marefu. Kanga huyu alikuwa na rafiki wa kufa na kuzikana, naye ni Korongo. Mchana kutwa walitembea pamoja, Korongo mbele na miguu yake mirefu, Kanga nyuma na miguu yake mifupi, wakila panzi na kusutana kwa mzaha.

Lakini Korongo alikuwa na jambo lake. Kila mwaka, masika yakianza, aliruka akaenda zake mbali. Ukimwuliza atarudi lini, alijibu, "Mimi sijui. Mabawa yakiniwasha nakwenda, yakiniwasha tena narudi."

Basi Kanga alibaki na hamu. Mnaijua hamu nyinyi? Alikula asishibe. Kila asubuhi alipanda kichuguu akatazama juu, akaona mawingu. Mahali Korongo alipozoea kusimama kwa mguu mmoja alipazunguka, hakutaka kupakanyaga.

Sasa sikilizeni desturi ya bonde lile. Mwenzako akisafiri, ulichukua uzi wa ukindu, ukachomeka unyoya wake mwanzoni. Kila mwezi ulipoandama ulipiga fundo moja. Likitokea jambo la maana, ulichomeka alama yake hapo hapo. Msafiri akirudi, uzi ulikunjwa, ukafichwa, na ilikuwa mwiko kuufungua tena. Walisema ukifungua uzi wa safari iliyokwisha, unaita safari nyingine.

Mwaka wa kwanza, Kanga alikuwa juu ya kichuguu analia. Akapita Kicheche. Kicheche huyu alijiita mganga, ingawa hakuna aliyemwona akimponya mtu.

"Dada Kanga, unalilia nini?"

"Namlilia Korongo. Sijui kama atarudi."

"Hilo dogo. Mimi nina wimbo wa kumvuta msafiri. Ila koo langu haliimbi likiwa kavu. Umetaga mangapi?"

"Matatu."

"Lete."

Kanga akayatoa. Kicheche akayala, akafuta mdomo, akaimba:

*Korongo rudi, rudi nyumbani,*
*Kanga alie, mimi nimeze.*

Kanga hata maneno hakuyasikia, maskini, kwa hamu aliyokuwa nayo. Alichomeka maganda matatu kwenye uzi wake, akaanza kuhesabu miezi. Miezi ikapita, mvua za vuli zikaja, na Korongo akatua. Kicheche akasema, "Umeona kazi yangu?" Kanga akashukuru, akaukunja uzi, akauficha.

Mwaka wa pili, masika yakaanza, Korongo akaenda. Kicheche akaja. "Umetaga mangapi?" Saba. "Lete." Akala, akaimba wimbo wake. Vuli ikafika, Korongo akatua. Uzi ukakunjwa, ukafichwa.

Mwaka wa tatu, masika yakaanza, Korongo akaenda. Kicheche akaja. "Umetaga mangapi?" Kumi na mawili. "Sasa hayo ni mayai! Kwa hayo atarudi upesi sana." Akala mpaka tumbo likaburura chini. Vuli ikafika, Korongo akatua. Uzi ukakunjwa, ukafichwa. Na kiota cha Kanga kilikuwa kitupu mwaka wa tatu sasa, hana hata kifaranga mmoja wa kumwita mama.

Mwaka wa nne Korongo aliondoka ghafla, asiangushe hata unyoya. Kanga alitafuta kwenye majani siku nzima, hakupata. Alikaa na uzi wake mtupu, akaona safari hii mwenzake amepotea kabisa.

Kicheche akaja. "Hakuacha unyoya? Hiyo mbaya. Umetaga mangapi?"

"Kumi na manne."

"Yote nitayataka, tena bila kubakiza. Ukinipunguzia hata moja, humwoni tena. Nitakuja kesho asubuhi."

Kanga akakubali. Lakini mchana ule hamu ilimzidi. Alitaka kuuona unyoya wa Korongo, hata mmoja tu, hata wa zamani. Akajua ni mwiko, na bado miguu ikampeleka alikoficha. Akazitoa nyuzi tatu, akazifungua, akazitundika pamoja kwenye mwiba wa mgunga ili ayatazame yale manyoya matatu. Akayatazama sana, akayagusa na shavu lake.

Kisha macho yakateremka.

Uzi wa kwanza ulikuwa na maganda matatu na mafundo manane. Wa pili, maganda saba na mafundo manane. Wa tatu, maganda kumi na mawili.

Akahesabu mafundo kwa mdomo, moja moja. Manane.

Akahesabu tena, maana labda machozi yalimchanganya. Manane. Nyuzi zile zilining'inia bega kwa bega na mafundo yake yamelingana toka juu mpaka chini.

"Nilitoa matatu, akarudi baada ya miezi minane," Kanga akasema peke yake. "Nikatoa kumi na mawili, akarudi baada ya miezi minane. Huyu Kicheche amenivutia nini?"

Hapo akakaa chini, akawalilia watoto wake ishirini na wawili ambao hakuwaona.

Asubuhi Kicheche akaja amejilamba tayari. Kanga alikuwa amelalia mayai.

"Sikupi."

"Asiporudi usije kunililia mimi."

"Sitakuja."

Alisema hivyo, lakini msidhani moyo ulitulia. Kila mwezi ulipoandama alipiga fundo akijiuliza, "Na kama ulikuwa wimbo kweli? Na kama nimemfukuza mwenyewe?" Vifaranga kumi na wanne wakaanguliwa, wakakua, na yeye bado alipanda kichuguu kila asubuhi.

Fundo la nne, Kicheche akapita. "Yuko wapi?" Kanga akawaita vifaranga wake.

Fundo la saba, Kicheche akapita. "Yuko wapi?" Kanga akawaita vifaranga wake.

Fundo la nane likapigwa. Korongo hakuja. Siku tano zikapita, kumi zikapita, hakuja. Kicheche akaja safari hii na sauti laini.

"Dada, mimi sina kinyongo. Mafundo manane hayo yamepita. Nipe vifaranga wawili tu nimwite. Wawili kati ya kumi na wanne, utawakumbuka?"

Ni kweli kwamba Kanga alimtaka Korongo. Alimtaka kiasi kwamba aliwatazama watoto wake, akajikuta anachagua. Alipoona anachagua, akaogopa nafsi yake, akakimbilia kwenye mgunga.

Akazitazama nyuzi upya. Na kwenye kila uzi, kabla ya mwisho, palikuwa na kitu alichokichomeka mwenyewe na kukisahau: jani changa la vuli, limekauka sasa. Mwaka wa kwanza jani, kisha Korongo. Mwaka wa pili jani, kisha Korongo. Mwaka wa tatu vilevile.

Akageuka kulitazama bonde. Lilikuwa kavu, vumbi tupu. Mwaka huo mvua zilikuwa zimechelewa.

"Korongo hahesabu miezi," akasema. "Anafuata mvua. Kicheche, nenda. Jani halijachipua."

Kicheche akacheka, akawatangazia ndege wote kwamba Kanga amerukwa na akili, anangoja rafiki kwenye majani. Kanga akangoja. Mwezi wa tisa ukaandama, akapiga fundo mikono ikimlegea, ingawa kanga hana mikono, nanyi msinikatize. Siku ya nne mvua ikanyesha. Siku ya nane majani yakachipua. Siku ya kumi kivuli kikapita juu ya kichuguu, na Korongo akatua kwa miguu yake mirefu, akasimama pale pale pake.

Walikumbatiana mbele ya ndege wote. Kanga akauliza, "Mwenzangu, huko ulikokuwa, uliwahi kusikia wimbo wa Kicheche?"

Korongo akashangaa. "Kicheche ni nani?"

Ndege wote wakageuka kumtafuta mganga wao. Alikuwa ameshaingia shimoni. Ndiyo maana mpaka leo kanga akimwona kicheche hupiga kelele bonde zima lisikie.

Masika yaliporudi, mabawa ya Korongo yakawasha. Kanga akalia kama kila mwaka. Lakini mara hii aliuomba unyoya mapema.

"Tutaonana jani likichipua," akamwambia.

"Umejuaje? Mimi mwenyewe sijui."

"Nimekungoja miaka minne. Nakujua."

Funzo lake, jamani: kuweka alama za miaka na kuzificha ni kazi bure. Zifungue, zipange bega kwa bega, uzitazame. Hamu haitapungua, lakini hakuna atakayekuuzia kitu kinachokuja chenyewe.

Hadithi yangu siikunji wala siifichi. Naitundika hapa kwenye mwiba, apitaye na aitazame.