Kwa Nini Mtoto Akizaliwa Hupigiwa Vigelegele

Hapo kale, wajukuu zangu, nchi ya Mtemi Masunzu ilikuwa kimya hata punje ya mtama ikidondoka unaisikia. Mtemi alitwaa kiti kwa vita, akaishi kwa hofu kwamba watu watamwinukia. Basi kila sauti iliyopanda aliiita ghasia. Kucheka kwa nguvu, ghasia. Mama kumwita mwanawe aliye mbali, ghasia pia. Mwenye ghasia alifukuzwa nchini pamoja na nyumba yake yote. Watu wakanong'ona mpaka makoo yao yakasahau kazi.

Kimya hicho kilimfaa mmoja tu, mamba wa mtoni. Wanawake walichota maji bila neno, naye akajichukulia watoto wao, asiwepo wa kumwonya mwenziwe.

Asubuhi moja Nyamizi alikuwa akisuuza kibuyu. Kabula, binti yake wa pekee aliyempata uzeeni, alikuwa akicheza kwenye maji ya magoti. Mara Nyamizi akaona macho mawili yakielea, yakimjia mtoto. Alikuwa mbali, hawezi kumfikia. Adhabu aliijua, na pa kwenda hana. Akafumbua kinywa apige ukelele.

Koo halikukumbuka. Sauti ikatoka nyembamba, ya juu, na ulimi kwa hofu ukacheza huku na huku: lililili! Wenzake wakashtuka, wakaona, wakapokea. Wakagonga vibuyu, wakayapiga maji kwa mikono, mto mzima ukalia. Mamba akachanganyikiwa, akageuza mkia, akazama. Nyamizi akamnyakua mwanawe.

Mtemi akaja mbio na walinzi wake. "Nani ameleta ghasia?"

"Ni mimi, Mtemi," alijibu Nyamizi, Kabula kifuani. "Kama hii ndiyo ghasia, basi imenirudishia mwanangu. Haya, nifukuze!"

Mtemi akaamuru akamatwe. Wanawake wote wakapiga lililili, wakamzunguka Nyamizi. Mlinzi mmoja, ambaye mwanawe aliliwa na mamba yule masika yaliyopita, akalaza mkuki wake chini huku akilia. Wenzake wakalaza yao. Mtemi akarudi nyumbani peke yake, na hakuna aliyenong'ona tena katika nchi ile.

Na tangu siku hiyo, mtoto akitua duniani, wanawake hupiga vigelegele, mto na vyote vilivyomo vijue kwamba huyu ana wenyewe.