Kipuri cha Ulaya

Kwaruu, kwaruu, kwaa! Usiku wa manane feni kubwa ya kukaushia chai kiwandani ilikohoa, ikanyamaza. Beringi yake aliyoiuza Bosi Ambwene, mwenye duka la vipuri, "orijino kabisa," ilikuwa imedumu wiki mbili nzima, maajabu ya dunia. Ambwene akasema kosa ni la Sekela, mtunza stoo, eti alimpa vipimo vibovu. Mwenye kiwanda akampa Sekela hadi saa sita mchana athibitishe kwamba hana kosa, la sivyo kazi hana.

Asubuhi Sekela aliingia dukani kwa Ambwene, mtoto mgongoni, kikapu mkononi.

"Shikamoo bosi, safari hii nimepima mwenyewe, nimepima mara tatu, andika: aluminiamu, kipenyo sentimita ishirini na mbili, unene milimita moja, tundu katikati, kinavumilia mvuke, tafadhali bosi, nina mtoto!"

"Marahaba. Sasa umesema, binti! Hicho ndicho kipuri cha feni yenu, cha Ulaya. Kimebaki kimoja."

"Una hakika, bosi?"

"Miaka ishirini nauza feni, unaniuliza hakika?" Akaandika ankara, akagonga muhuri.

Sekela akatoa kikapuni mfuniko wa sufuria ya uji wa mwanawe, akaulaza juu ya ankara.

"Kumbe Ulaya nako hupikwa uji."

Ambwene akavuta droo haraka. "Mwanangu, beringi ya kweli hii hapa, chukua bure. Ila usimwambie mtu."

Sekela akachomoa simu kwenye mbeleko. Mwenye kiwanda alikuwa hewani tangu shikamoo.

"Sitamwambia mtu mwingine, bosi."