Kirusi Aliyetaka Kumezwa

Hapo kale, enzi ambazo viungo vya mwili vilikuwa bado vikisemezana, paliishi Nguruwe jike mwenye watoto wanaonyonya. Sikilizeni vizuri, wajukuu: nasema nguruwe, si ngiri. Ngiri ni binamu yake wa porini, na homa nitakayoisimulia hupita mwilini mwake bila kumwangusha.

Ndani ya Nguruwe mlikuwa na mji. Mmoja wa walinzi wake aliitwa Bugia, jitu la damuni, nene, lenye nguvu, lisilo na meno. Kazi yake ilikuwa kummeza kila mgeni asiyemjua, kisha kupiga baragumu papo hapo. Majirani wakilisikia walifunga milango, ili mwizi akiwa na wenzake wasipate pa kuingia.

Jirani wa karibu alikuwa Bi. Wengu, mchuja damu. Kwa tabia alikuwa mpole, lakini siku hizo upole ulikuwa umemwishia. Jana Bugia alipiga baragumu kwa ajili ya mwiba. Leo asubuhi, kwa ajili ya tope. Puuu! Kila mara Bi. Wengu aliacha kazi, akafunga milango, akangoja, akafungua, akakuta si kitu. Mwisho alimwendea.

"Bwana Bugia, nimechoka. Hivi huwezi kumeza kitu ukanyamaza?"

"Ndiyo sheria, bibi. Ukimeza, unapiga."

"Basi meza kwanza, ukikague ulichomeza, ndipo upige. Mimi nina damu ya kuchuja."

Bugia alinuna, lakini maneno yalimwingia.

Wakati huohuo Papasi, yule wa nyufa za banda ambaye wengi humwita kupe wakakosea, alimuuma Nguruwe, chwi! Tumboni mwake alikuwa amembeba Kirusi, akamshusha humo damuni. Huyu naye msimwite mdudu: hana mguu, hana bawa, na kwa udogo wake chembe ya vumbi ni mlima. Alishuka ugomvi ule ukiwa bado haujapoa, akausikia wote.

Wezi wengine hupita kwa kujificha. Kirusi alikwenda moja kwa moja mbele ya Bugia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. U nani wewe?"

"Mimi si wa kutajwa. Nashangaa tu, mlinzi mkubwa hivi kufokewa na mchuja damu."

Bugia aliuliza nani kamwambia. Kirusi akajibu kwamba mji mzima unacheka. Wanasema Bugia akimeza hata unyoya, hulia kama kuku aliyetaga.

"Nitakumeza wewe," Bugia akasema, "na hawatasikia hata kikohozi."

"Hayo nitayaamini nikiwa ndani."

Gubu! Bugia akammeza. Hakupiga baragumu. Aliketi akajiona mwenye heshima zake.

Mle ndani wageni wengine huyeyuka. Kirusi hakuyeyuka. Kwanza alipanda kooni, akaikaba njia ya pumzi inayokwenda kwenye baragumu. Kisha akateremka jikoni kwa Bugia, akatwaa vyungu na unga wa mwenye nyumba, akaanza kufinyanga Kirusi wengine waliofanana naye kabisa.

Bugia alipohisi uzito aliinua baragumu. Fff. Akavuta pumzi, akajaribu tena. Fff.

"Piga tena, mzee," sauti ikatoka tumboni. "Labda hukukaza mashavu."

Po! Bugia akapasuka. Walinzi wenzake wakaja mbio, na kwa kuwa kazi yao ni kumeza, wakameza vyote vilivyomwagika, nao wakakabwa pumzi vivyo hivyo. Hapo ndipo hadithi hii huniudhi. Kati ya majitu yote yale, hakuna hata moja lililojiuliza kwa nini wezi wanajipanga foleni mdomoni mwa mlinzi.

Bi. Wengu aliufurahia ule utulivu. Alichuja damu yake, milango wazi, mpaka mlinzi mmoja aliyevimba akaja kuegemea kizingiti. Bi. Wengu akamuuliza amemeza nini.

Mlinzi akafumbua kinywa, na waliojibu walikuwa wengi, kwa sauti ndogo ndogo: "Katumeza sisi, bibi. Ahsante kwa ushauri wako."

Hakukuwa na wakati wa kufunga. Kabla hawajamfurikia, Bi. Wengu aliwahi jambo moja: alikoka moto mkubwa, maana mwenye mwili hasikii maneno ya ndani, husikia joto tu.

Nguruwe akalisikia. Masikio yalimwiva, miguu ikalegea. Watoto wakaja kunyonya kama kawaida yao, naye akawaonyesha meno. Wakadhani ni mchezo. Kitinda mimba akasogea, akafukuzwa kwa kishindo hadi nje ya banda.

"Mama, tuna njaa."

"Nendeni kwa mama yenu mdogo, ng'ambo ya mto. Atakayerudi hapa nitamng'ata."

Walikwenda wakilia, wakiambizana kwamba mama amewachukia. Nguruwe aliwatazama mpaka wakavuka, ndipo akalala chini, na hakuinuka tena. Watoto walinyonya kwa mama yao mdogo, wakakua wote, na kwa muda mrefu walimsema vibaya aliyewafukuza, wasijue kuwa aliwakinga na homa yake.

Kelele za mlinzi huchosha. Kimya chake huua.