Mtoto Asiyelia

Wahenga waliposema mchelea mwana kulia hulia yeye, watu wakadhani wanazungumzia viboko na watoto watundu tu. Thubutu! Mwana anaweza kuwa na miaka sabini na miwili, meno mawili ya dhahabu na mkono mtamu wa kupika pilau. Muulizeni Ergash, fundi wa gesi katika mji wa Margilan, kwenye mtaa wa wafuma hariri.

Ergash alikuwa fundi hodari. Kila vuli alipita nyumba hadi nyumba kukagua maboila ya gesi yanayopasha nyumba joto kabla baridi haijakaza. Alipaka povu la sabuni kwenye maungio ya mabomba aone kama gesi inavuja, akachungulia rangi ya moto, akapima kama dohani inavuta moshi, kisha akatia sahihi daftarini. Aliyekutwa na kasoro alikatiwa gesi papo hapo, awe imamu au mwenyekiti wa mtaa. Nyumba moja tu ilimshinda, ya Bi Zulayho. Huyo ndiye aliyemlea mchana kutwa mama yake alipokuwa kiwandani, akamlisha na kumfuta makamasi, na hata sasa, Ergash akiwa ameota mvi, bibi huyo bado alimwita "toto langu".

Mwezi wa Novemba Ergash alipiga magoti mbele ya boila la Bi Zulayho, akainuka akitikisa kichwa.

"Mama, dohani imejaa masizi. Itabidi nizime siku mbili nisafishe."

"Siku mbili! Ergash, una wazimu? Binti yangu Mohira yuko mwezi wake. Akijifungua kesho, mjukuu wangu alie kwa baridi nikimtazama?"

"Nitawaletea hita ya umeme."

"Umeme wenyewe huu wa kuja na kwenda? Haya, zima. Zima tu. Mimi ni nani hata nisikilizwe?" Bi Zulayho akaishika ncha ya mtandio wake, akaipeleka jichoni.

Hapo Ergash akaishiwa nguvu. Alikuwa tayari kugombana na mtaa mzima, lakini chozi la mama yule hakuliweza. Akatia sahihi, akaahidi kurudi wiki ijayo. Likaletwa sinia la pilau lenye vitunguu saumu vizima juu yake, akala mpaka akalegeza mkanda. Wiki ijayo ikazaa wiki nyingine, na Ergash hakurudi.

Mohira akajifungua binti, Anora, akakaa arobaini yake kwa mama yake kama ilivyo desturi. Mama na mwana hawakutoka nje, na mgeni, sembuse mwanamume, hakuruhusiwa kukanyaga chumba chao.

Siku ya ishirini na tatu, maji yakiwa yameganda ndooni uani, Ergash alibisha hodi na brashi ya dohani begani. Sahihi ile ilikuwa imemkosesha usingizi. Bi Zulayho alifungua mlango taratibu, kichwa amekifunga kitambaa, macho mazito.

"Karibu, toto langu. Usinikodolee macho, ni kichwa tu. Mohira naye kichwa, tena tangu juzi anatapika. Kuna jicho la mtu hapa, na mtu mwenyewe namjua. Nimefukiza nyumba nzima."

"Na mtoto?"

Uso wa bibi ukachangamka. "Huyo wacha! Malaika. Mwanzoni alikuwa analia kwa baridi mpaka roho inaniuma. Si lile tundu la hewa ulilotoboa pale ukutani, linaleta upepo! Juzi nikalishindilia kigodoro. Tangu hapo kimya. Leo hata maziwa hadai."

"Hata maziwa hadai?"

"Si nimekwambia? Halii kabisa."

Ergash hakungoja zaidi. Alilikimbilia boila, akawasha njiti ya kiberiti, akaisogeza pale ambapo dohani ilipaswa kuuvuta moto ndani. Moto ukageuka, ukamlamba kidole. Moshi wote ulikuwa unarudi ndani ya nyumba pamoja na kaboni monoksaidi, ile sumu isiyo na rangi wala harufu. Akafunga gesi, akaking'oa kigodoro tunduni, akayafungua madirisha kwa kishindo.

"Ergash! Unafanya nini? Mtoto atalia!"

"Mungu ajalie alie!"

Akaelekea chumba cha mzazi. Bi Zulayho akamng'ang'ania koti. "Haingiwi humo! Arobaini haijafika! Baridi itamuua mjukuu wangu!"

"Niache, mama. Leo lia unavyotaka."

Akamtwaa Anora mkono mmoja, mkono wa pili akamkokota Mohira aliyekuwa akiyumba, na bibi akawafuata nyuma akimlaani. Uani, chini ya mizabibu iliyopukutika majani, Ergash akapiga ukelele majirani waite gari la wagonjwa. Kisha akamtazama mtoto. Mashavu yalikuwa mekundu, shingo imelegea. Akampulizia usoni. Akamtekenya nyayo. Laana za Bi Zulayho zikakatika, maana sasa naye alikuwa ameona. Akapiga magoti kwenye theluji.

"Lia, mama," alinong'ona. "Lia, bibi yako nakuomba. Lia!"

Ikatoka sauti ndogo, kama mlango uliokosa mafuta. Ikafuata nyingine. Halafu Anora akakunja ngumi na kuangua kilio kilichowatoa majirani majumbani mwao. Mohira, ameketi kwenye ngazi, akacheka na kulia kwa pamoja.

Hospitalini wote watatu walivutishwa oksijeni. Daktari alisema saa moja zaidi ingetosha kuwamaliza. Jioni, Mohira na mwanawe walipokwisha kulala salama, Bi Zulayho alimwita Ergash kando ya kitanda chake.

"Novemba ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Mbona hukuzima?"

"Niliogopa utalia."

Bi Zulayho akamvuta sikio kwa nguvu, kama zamani. "Mjinga wewe! Ungeniacha nilie siku mbili. Na mimi mjinga mwenzio, nilimwogopa mtoto wa siku ishirini." Kisha akakivutia kichwa kile chenye mvi begani kwake, wakalia wote wawili mpaka muuguzi akawakemea.

Vuli iliyofuata Bi Zulayho mwenyewe ndiye aliyemwita fundi, mara tatu, na boila likazimwa siku mbili kamili. Anora, amevalishwa makoti mawili, alikuwa akitambaa na kupiga mayowe nyumba nzima kwa kuwa hakuyataka makoti, wala baridi hakuitaka.

"Mnyamazishe basi, mama!" Mohira alisema.

"Mwache alie," alijibu Bi Zulayho, akiendelea kukata karoti za pilau ya fundi.

Juu ya paa, Ergash alichomoa brashi yake. Kilio kile kikapanda wazi kupitia dohani iliyo safi, naye akakaa akakisikiliza mpaka mwisho. Hakika, mchelea mwana kulia, hulia yeye.