Kisima Kilichopenda Habari za Nyumbani

Paukwa!

"Pakawa!"

Hiyo pakawa ya watu waliokula nini? Chungu bado kinachemka na nyie mmeshalegea. Paukwa!

"PAKAWA!"

Hapo sawa. Habari zenu za leo, wajukuu zangu?

"Nzuri!"

Wote nzuri? Kombo nzuri, Mize nzuri, na Saumu naye nzuri, ingawa ameisema huku anakiangalia chungu. Haya. Kombo, acha kuchokoa moto, utatuunguza. Na sheria mnaijua: nikinyamaza kidogo, nyie mnasema "Enhe?" Msiposema, nami nanyamaza moja kwa moja, tule tukalale.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo mbinguni kulikuwa na miezi miwili, mmoja wa watu wazima na mmoja mdogo wa watoto, palikuwa na mji ukiitwa Tandavuma.

"Enhe?"

Ulikuwa mji, si mchezo. Nyumba za mawe ya buluu, ghorofa saba saba. Ngazi zake zilikuwa zinaimba ukizipanda, kila kidato na sauti yake, hata mtoto akitoroka kwenda kucheza, mama yake anamsikia. Taa za njiani zilijiwasha zenyewe zikiona mgeni, zikamwambia, "Shika kushoto, babu, hapo pana shimo." Na nyumba zenyewe zilikuwa na tabia moja. Zilisimama kwa ajili ya watu. Watu wakihama, nyumba inangoja siku saba, kisha inakunja magoti na kukaa kitako, puu! Vumbi mji mzima.

"Nyumba ina magoti, Bibi?"

Za Tandavuma zilikuwa nayo, Kombo. Hii yetu haina, ndiyo maana inawavumilia mkiipiga mpira.

Basi wakati wa hadithi hii, nyumba nyingi zilikuwa zimeshakaa. Mtaa wa Wafua Vyuma ulikuwa umekaa wote. Mtaa wa Wasusi zilibaki nyumba mbili tu, zinatazamana. Taa zilikuwa zinajiwasha kwa paka, kwa sababu wageni hawakuja tena. Na kilichowahamisha watu ni kitu kimoja: maji.

Mji mzima ulikunywa kisima kimoja, hapo katikati ya uwanja, na kisima hicho kilikuwa bibi. Jina lake Bibi Kina. Hakuwa na kamba wala gurudumu. Ukifika na ndoo yako, sauti inatoka chini, nzito, ya bibi aliyeamka sasa hivi: "Habari za nyumbani?" Nawe unaeleza. Watu wa kale walikuwa wanakaa ukingoni wakaeleza hasa: mtoto ameota jino, mbuzi amekula kofia, mume amenuna tangu juzi. Bibi Kina anaitikia, "Enhe?" Na kila akisema "Enhe?" maji yanapanda shubiri moja, mpaka yanakufikia mkononi.

"Enhe?"

Hivyo hivyo! Lakini mji ulipokua, watu wakapata haraka, wakapata na majivuno. Nani aeleze ya nyumbani kwake na foleni nzima inasikia? Mtu wa Tandavuma, jamani! Wakajifunza neno moja. "Habari za nyumbani?" "Nzuri." Ndoo inawekwa. Na Bibi Kina alikuwa na adabu zake. Akiuliza akajibiwa, haulizi mara ya pili. Kwa "nzuri" moja aliweza kupandisha maji ya kata moja. Miaka ikaenda, ikawa nusu kata. Watu wakasema ni ukame.

Sasa mjini humo alikuwako mama mmoja, Mashavu, mpika vitumbua. Mnene, mcheshi, na hodari wa kusema nzuri kuliko wote. Paa likivuja, nzuri. Jino likimuuma, nzuri, na mkono uko shavuni. Mumewe alipofariki, watu walikuja kumliwaza, yeye akawapikia chai, akawaambia, "Nzuri tu, jamani, kunyweni." Mimi Mashavu nampenda, siwafichi, lakini kwa hilo kichwa chake kilikuwa kigumu.

Alikuwa na binti mmoja tu, Sikudhani, aliyekaa na mumewe na mtoto mchanga ghorofa ya juu ya nyumba hiyo hiyo. Jioni moja Sikudhani akashuka polepole, hata ngazi zikaimba kwa huzuni. Akasema, "Mama, mtoto hajaoga leo siku ya tatu. Mume wangu anasema tuhamie ng'ambo ya milima. Nimekuja kukuuliza wewe kwanza. Tukihama, hali yako itakuwaje?"

Njia ya milimani ilikuwa ya siku kumi, na magoti ya Mashavu yalikuwa hayapandi hata ngazi. Akihama binti yake, hatamwona tena. Akaukoroga unga, akaukoroga, akasema, "Nzuri tu, mwanangu. Nendeni."

Sikudhani alisimama pale kidogo, kama anangoja neno jingine. Halikuja. Akapanda juu kufunga mizigo, safari iwe siku ya tatu asubuhi.

"Enhe?"

Mashavu akabaki na ndoo yake. Akaiambia, "Ndoo yangu, tuna siku tatu za kupata maji. Wakiona maji hawatahama." Ndoo za Tandavuma zilikuwa zinasema pia, zina midomo mikubwa. Ikamjibu, "Mama, mimi niko tayari." Wakashika njia wakiimba, nanyi mwimbe nami:

*Twende, ndoo, twende,*
*mtoto hajaoga!*

"Twende, ndoo, twende, mtoto hajaoga!"

Siku ya kwanza wakamkuta uwanjani Jumbe wa mji, Bwana Fumbwe, mwenye kilemba kirefu kuliko akili. Amekuja na ngoma. Anasema, "Bibi Kina amechoshwa na habari za watu wadogo. Leo tunampa habari kubwa!" Akapiga ngoma, akainama kisimani. Bibi Kina akauliza, "Habari za nyumbani?" Jumbe akanguruma, "Mnara wetu una urefu wa dhiraa mia tatu! Mfalme wa Nchi ya Pili ameoa mke wa tisa! Jeshi letu halijawahi kushindwa!"

Bibi Kina akapiga mwayo mrefu. "Hongereni," akasema.

Mashavu akatega ndoo upesi. Mle ndani kikaruka kitu, chubwi! Chura. Chura akajipangusa vumbi, akasema, "Shikamooni. Mtatupigia kelele mpaka lini? Huko chini pamekauka, mwenzenu natembea na viatu."

"Chura ana viatu!"

Tena vya kufunga kamba, Mize. Mashavu akarudi nyumbani na chura. Sikudhani akauliza kutoka juu, "Mama, habari za kisimani?" Mashavu akajibu nini?

"Nzuri!"

Mnamjua. Siku ya pili akawaza, akasema, huenda Bibi Kina anataka kuchekeshwa. Akanawa uso kwa umande, akafunga kanga mpya, hao.

*Twende, ndoo, twende,*
*mtoto hajaoga!*

"Habari za nyumbani?" akauliza Bibi Kina.

"Ah, Bibi, kwangu ni sherehe tupu!" akasema Mashavu. "Jana vitumbua vyangu vimenukia mpaka mwezi mdogo ukashuka. Ukala kumi. Ukaomba na vya kufungiwa uwapelekee nyota!"

Kisima kikacheka. Kikacheka mpaka mawe yakatikisika, na maji yakapanda mbio mpaka ukingoni. Mashavu akajaza ndoo, akajitwika, akaondoka anacheza. Alipofika Mtaa wa Wasusi, ndoo ikawa nyepesi kidogo. Alipofika penye taa iliyopinda, ikawa nyepesi zaidi. Alipofika mlangoni akaitua, ikawa tupu, kavu, haina hata tone.

"Imetoboka!"

Haikutoboka, Kombo. Yenyewe ilisema. Ilisema, "Mama, usinitazame hivyo. Ulinijaza mwezi, ukanijaza nyota. Habari za nyumbani hukutia hata moja."

Mashavu akakaa kwenye kizingiti. Akaona mizigo ya binti yake imeshashushwa na kupangwa ukutani, na kitanda cha mtoto kimefungwa kamba juu yake. Akakiangalia kile kitanda. Hakupika chochote siku hiyo.

"Enhe?"

Siku ya tatu, asubuhi, jua halijapata nguvu, akaichukua ndoo. Safari hii hakuimba. Imbeni nyie, polepole.

"Twende, ndoo, twende, mtoto hajaoga."

Foleni ilikuwa ndefu. Jumbe yuko mbele na kilemba chake. "Habari za nyumbani?" "Nzuri." Nusu kata. "Habari za nyumbani?" "Nzuri." Nusu kata. Zamu ya Mashavu ikafika. Bibi Kina akauliza kama alivyouliza kila siku, kwa upole ule ule, "Habari za nyumbani?"

Mashavu akafungua mdomo. "Nzu..." Neno likamkwama kama mwiba wa samaki. "Nzu..." Likagoma. Machozi yakamwagika, akashika ukingo kwa mikono miwili, akasema, "Mbaya, Bibi Kina. Habari za nyumbani ni mbaya."

Foleni nzima ikadondosha ndoo. Neno hilo lilikuwa halijasikika pale uwanjani kwa miaka thelathini.

Kisha kutoka chini kabisa, sauti iliyokaribia kusahauliwa: "Enhe?"

"Enhe?"

"Jino linaniuma tangu mwezi mkubwa ulipoandama," akasema Mashavu.

"Enhe?"

"Vitumbua vyangu haviumuki. Navila mwenyewe mlango ukiwa umefungwa, watu wadhani vimekwisha."

"Enhe?"

"Tangu afariki baba Sikudhani sijalala kitandani. Nalala jikoni kwenye mkeka, maana kitanda kimekuwa kikubwa. Na kila asubuhi namimina vikombe viwili vya chai, nakumbuka, nakirudisha kimoja kwenye birika."

"Enhe?"

"Na leo mwanangu anahama. Aliniuliza, Bibi, aliniuliza mwenyewe kwa mdomo wake, tukihama hali yako itakuwaje. Nikamwambia nzuri tu. Mwongo mie! Sitaki aende. Nampenda, na kile kitoto chake kinachonikojolea kila kanga, nakipenda. Sitaki waende."

Hapo maji yalishapanda, wajukuu zangu. Yalipanda shubiri, yakapanda shubiri, yakamfika Mashavu viganjani, ya baridi, yakamwagikia miguuni. Wala hakuyatazama. Alikuwa ametazama nyuma, kwa sababu amesikia mtoto analia. Sikudhani alikuwa nyuma yake na furushi kichwani na mtoto mgongoni. Amekuja kumuaga mama yake, na amesikia yote.

"Mama," akasema, "mbona hukusema?"

"Ningesemaje, mwanangu, na umeshafunga mizigo?"

"Niliifunga baada ya kukuuliza."

Akalitua furushi. Akalikalia hapo hapo kisimani, akamvuta mama yake, akamkalisha karibu naye. Akamuuliza, "Habari za nyumbani, mama?" Na Mashavu akaanza upya, tangu jino.

"Na Jumbe?"

Jumbe alikohoa. Akavua kilemba, kumbe kichwa kidogo tu. Akasema, "Kwangu pia... mke wangu hasemi nami tangu nilipomuuza njiwa wake." "Enhe?" ikaitika foleni yote. Walikaa pale mpaka mchana, wakilia, wakicheka, na ndoo hazikutosha. Chura akavua viatu. Mtoto akaogeshwa mara mbili, ya pili kwa raha tu.

Mji haukurudi kuwa kama zamani, sitawadanganya. Waliohama walihama, na nyumba nyingine zimekaa mpaka leo. Lakini jioni ile, Mtaa wa Wasusi, nyumba moja ilisikika ikikoroma, ikashika ukuta wa jirani, ikanyanyua goti moja. Na ya Mashavu haikukaa kamwe.

Basi nawausia hivi. Mpita njia akikuuliza habari, mwambie nzuri, aende zake, inamtosha. Lakini akikuuliza mtu wa kwenu, anayekupenda, usimpe neno moja akaondoka nalo. Na wewe unayeuliza, kaa chini kwanza, ungoje jibu.

Hadithi yangu imetua mzigo wake hapo. Aliyeipenda aibebe, aliyelala nitamwamsha kwa ubwabwa.

Kombo, lete sahani. Ngoja. Saumu, mbona hukuimba hata mara moja? Habari za leo, mjukuu wangu?

"Nzu..."

Nangoja.

"Mbaya, Bibi. Huyo kwenye chungu ni Kishungi."

Yule kuku mwenye ushungi? Lo! Lakini mwanangu, asubuhi si nilikuuliza, tumchinje huyu? Ukaniambia, sawa tu, Bibi. Nami nikaamini, nikaenda zangu kutafuta kisu.

Kombo, usicheke. Weka sahani chini. Epua chungu, hatuli kwanza. Saumu, njoo hapa, kaa kwenye kanga yangu. Nimekaa chini, unaniona? Haya, nieleze kuhusu Kishungi.

"Alikuwa... alikuwa analala miguuni pangu, Bibi."

"Enhe?"

Mmeona? Hata Kombo amesema. Enhe, Saumu?